Weusi Upi? Kurudisha Rangi ya Baiskeli Kongwe Katika Mvua za Tukuyu

Mtu akipeleka baiskeli ya babu yake kwa fundi na kuagiza irudishiwe rangi yake ya zamani, kazi huonekana ya siku mbili: msasa, rangi, imekwisha. Baiskeli yenyewe mara nyingi ni nyeusi, na nyeusi nani asiyeijua? Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Baiskeli inarudi nyumbani iking'aa kupita kiasi, madigadi zina weusi unaovuta kwenye bluu huku fremu ikivuta kwenye kahawia, mistari ya dhahabu imefunikwa, na mwenyewe anashindwa kueleza kasoro iko wapi. Anachojua ni kwamba hii siyo ile aliyoizoea.

Katika kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, suala hili lina sura yake. Bagamoyo hii haina bahari. Iko Wilaya ya Rungwe, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,600, chini ya Mlima Rungwe, katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000; msimu wake huanza Novemba na kwenda mpaka Mei, na hata Juni na Julai ukungu huweza kutanda mpaka jua lipande. Hali hiyo inaifaa chai, migomba na maparachichi. Chuma haikifai. Anayetafuta rangi ya kale hapa ana kazi mbili kwa mpigo: kuipata rangi yenyewe, na kuifanya ishike.

Kazi ya kwanza huanzia kwenye kuijua baiskeli. Zile kubwa zenye magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo za chuma na keria nzito nyuma zina ukoo mmoja, na mzizi wake uko Nottingham, Uingereza. Hapo ndipo Frank Bowden alipoingia mwaka 1887 katika karakana ndogo ya Mtaa wa Raleigh na kuikuza ikawa kampuni ya jina hilo. Mwaka 1951 kiwanda cha Raleigh kilitoa baiskeli zaidi ya milioni moja, nyingi zikienda nje ya Uingereza. Njiani kilikuwa kimeshameza majina mengine makubwa: Humber mwaka 1932, Rudge-Whitworth mwaka 1943. Ndiyo maana baiskeli tatu zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimepita kwenye tanuri moja la rangi.

Stika zikishafutika, chuma chenyewe husema. Sproketi ya mbele ya Raleigh imekatwa kwa vichwa vya korongo, ya Humber ina watu wadogo watano, na ya Rudge ina kiganja cha mkono. Baiskeli ikiwa na gia tatu za Sturmey-Archer ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kitovu hicho mara nyingi kimegongwa namba mbili za mwaka kilipotengenezwa. Namba 58 ikionekana chini ya tabaka la mafuta na vumbi, upelelezi umepiga hatua kubwa, mradi gurudumu hilo halikutoka kwenye baiskeli nyingine.

Na hilo la gurudumu kutoka kwingine si jambo la nadra, ndiyo kawaida. Viwanda vya Asia vilifuata vipimo vya Waingereza. Flying Pigeon ya Tianjin, iliyoanza mwaka 1950, ilichukua umbo la Raleigh ya mwaka 1932. Phoenix ya Shanghai ilikwenda njia hiyohiyo. Hero ilianza kutengeneza baiskeli Ludhiana, India, mwaka 1956, na Watanzania wakawa pia na Swala za Dar es Salaam. Kwa kuwa vipimo vinalingana, madigadi ya Mhindi inakaa kwenye fremu ya Mwingereza, na keria ya Mchina inakaa juu ya zote mbili. Baiskeli iliyofanya kazi Rungwe kwa miaka 50, ikipanda na kushuka na mikungu ya ndizi au magunia ya viazi, imeshabadilishwa kila kilichochoka. Kwa hiyo baiskeli moja inaweza kubeba weusi wa viwanda vitatu, na kila mmoja ni wa asili kwenye chuma chake.

Mwenye baiskeli ya namna hiyo sharti aamue mapema anataka nini, maana hakuna fundi anayeweza kumwamulia. Kuna rangi ya siku ilipotoka kiwandani. Kuna rangi ya kabla haijaguswa tena, iliyopigwa na jua na kufifia, ambayo ndiyo familia inayoikumbuka. Na kuna kukubali mseto kama ulivyo, kila kipande kikabaki na weusi wake. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja hutokana na mmoja kuwaza la kwanza na mwingine la pili.

Anayetaka rangi ya kiwandani asianze dukani, aanze kwenye baiskeli. Rangi ya bomba la juu la fremu haifai kuwa ushahidi, kwa sababu jua, jasho, kamba za mizigo na suruali zimeshaibadilisha. Penye ushahidi ni pale mwanga usipofika: nyuma ya beji ya shaba iliyopigwa ripiti kichwani, ndani ya kibano cha bomba la siti, chini ya vikamatio vya madigadi, upande wa ndani wa kava la cheni. Sehemu hizo zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikaushwe, kisha zisuguliwe taratibu kwa kitambaa laini na kompaundi ya kung'arishia magari. Utando mweupe kama chokaa ukishatoka, kinachobaki ndiyo rangi ya karibu kabisa na ile iliyotoka nayo tanurini. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kinatosha.

Kuna njia nyingine inayotumiwa na wahifadhi wa vyombo vya kale. Fundi huchagua mahali pasipoonekana, analowesha msasa laini wa maji, na kusugua kwa mduara mdogo mpaka katikati patokeze chuma. Kingo za mduara zikikatwa kwa mteremko mrefu, tabaka hujitokeza moja baada ya jingine mithili ya miduara ya kisiki: juu kabisa rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi, pengine na kijani cha dirishani; chini yake kijivu cha praima ya gari; kisha weusi mwembamba, mgumu, usiotafunika kirahisi kwa msasa. Huo mgumu ndio enameli ya kiwandani. Wengi wameshangaa kukuta kijani au kahawia chini ya weusi waliodhani ni wa asili.

Msasa huo uwe wa maji, si mkavu. Rangi nyingi za katikati ya karne ya 20 zilikuwa na madini ya risasi: katika njano na kijani cha kromu, katika rangi ya msingi ya machungwa iliyozuia kutu, na katika dawa za kukausha hata ndani ya rangi nyeusi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Gereji nyingi ni kibaraza cha nyumba. Vumbi la msasa mkavu halikai kwenye fremu. Linatua kwenye sakafu wanakochezea watoto na kwenye vyombo vinavyoanikwa uani.

Weusi wenyewe una historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 enameli nyeusi ya baiskeli na magari ilipikwa kwa lami ya asili na mafuta ya kitani, ikapakwa kwenye chuma na kuokwa. Kwa rangi ya aina hiyo Ford iliuza Model T nyeusi tupu kuanzia 1914 hadi 1925. Lami ikiwa tabaka jembamba huonyesha ukahawia, hasa ukingoni, na hapo ndipo linapotoka lile joto la baiskeli za zamani sana. Rangi nyeusi za leo hutegemea masizi ya kaboni yaliyo laini mno, na masizi hayo yakikolea hutoa weusi mzito unaovuta kwenye bluu. Ukiziweka pamoja kwenye mwanga wa mchana, hata asiye fundi ataona kwamba si mamoja.

Masizi hayo yana faida inayoeleza kwa nini baiskeli nyeusi zimedumu kuliko nyekundu na bluu: yanameza miale ya jua inayoivunja rangi, hivyo gundi iliyo ndani ya rangi huchelewa kuchakaa. Kilichochakaa kwenye baiskeli nyeusi ya zamani mara nyingi ni mng'ao, si weusi. Na mng'ao ukipungua, uso hutawanya mwanga na weusi huonekana kijivu. Fundi anayechanganya nyeupe kidogo kwenye nyeusi ili "iwe ya zamani" anakosea njia. Alipaswa kupunguza mng'ao, ama kwa vanishi isiyong'aa sana, ama kwa kuusugua uso uliokauka kwa msasa laini kabisa na kumalizia kwa nta.

Hata orodha rasmi za rangi zinakiri kwamba weusi ni wengi. Mfumo wa RAL, ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40, leo una nyeusi kadhaa, zikiwemo 9004, 9005, 9011 na 9017. Kijani cha shaba, ambacho wapenzi wa Raleigh hukitaja sana, kina ngazi tatu kwenye viwango vya Uingereza: 222, 223 na 224, kutoka hafifu hadi iliyokolea. Anayeagiza "kijani cha Raleigh" bila sampuli mkononi ameagiza bahati nasibu.

Mfano mkubwa wa tatizo hili uko Italia. Kampuni ya Bianchi, iliyoanzishwa Milan mwaka 1885, inatambulika duniani kwa bluu-kijani yake iitwayo celeste. Hadithi za asili yake ni nyingi, kutoka macho ya malkia hadi anga ya Milan, na hakuna iliyothibitishwa. Lililo wazi ni kwamba celeste imebadilika mara nyingi kwa miaka: kuna iliyoelekea zaidi bluu na kuna iliyoelekea zaidi kijani. Mtengenezaji akikupa rangi yake ya leo, amekupa ya leo. Baiskeli ya mwaka 1950 ina yake.

Ngumu kuliko zote ni zile rangi zinazometameta. Viwanda vya Uingereza viliziita flamboyant: kwanza unapigwa msingi wa fedha, kisha juu yake vanishi yenye rangi inayopitisha mwanga. Schwinn ya Marekani ilifanya hivyohivyo. Hapa rangi inayoonekana ni matokeo ya tabaka mbili, na wingi wa ile ya juu ndio unaoamua kina cha rangi. Tabaka moja likizidi, nyekundu inakuwa ya damu ya mzee. Likipungua, inakuwa waridi. Hakuna kopo moja litakaloziiga, na anayejaribu kuzipaka kwa brashi anapoteza fedha.

Vipi kuhusu mashine? Maduka makubwa ya rangi mijini yana kifaa kinachosoma rangi na kompyuta inayotoa mchanganyiko wake. Kifaa hicho kinasaidia, lakini kinataka uso bapa na msafi. Bomba la fremu, lenye kipenyo cha inchi moja hivi, limepinda, na mwanga unaovuja pembeni huipotosha hesabu. Sampuli ya kubeba mpaka Mbeya ni kava la cheni, si fremu. Pia kifaa kinasoma rangi ilivyo leo, pamoja na uchakavu wake. Kama uso haukusuguliwa kwanza, kitaleta nakala aminifu ya utando wa chokaa. Na kwa rangi zinazometameta, usomaji wa pembe moja hautoshi.

Picha na vipeperushi vya zamani navyo visiaminiwe kupita kiasi. Picha za rangi zilizosafishwa zamani hufifia bila usawa na kuvuta kwenye wekundu. Filamu za mwanzo za nyeusi na nyeupe hazikuona rangi nyekundu, kwa hiyo baiskeli nyekundu ilitoka nyeusi pichani. Kumbukumbu za kampuni ya Raleigh zimehifadhiwa katika nyaraka za Nottinghamshire, na chama cha Veteran-Cycle Club cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1955, kimekusanya katalogi nyingi. Faida kubwa ya katalogi ni kujua rangi zipi zilitolewa mwaka gani na mistari ilipita wapi. Kivuli chenyewe cha rangi hakipimwi kwenye karatasi iliyochapwa.

Kinachobaki ni jicho, na jicho linahitaji nidhamu. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kuachana kabisa juani, kwa sababu zimetengenezwa kwa viungo tofauti vinavyorudisha mwanga kwa namna tofauti. Dawa yake ni kadi. Fundi hupaka mchanganyiko wake kwenye vipande vya bati au kadi ngumu, huviacha vikauke kabisa kwa kuwa rangi nyingi hubadilika zikikauka, kisha huviweka pembeni ya ule ukucha wa rangi ya asili: kwanza nje mchana, halafu ndani chini ya taa ya nyumbani. Hapa hali ya hewa ya Tukuyu inageuka rafiki. Mwanga wa mawingu ni tulivu na umetawanyika, hautupi vivuli vikali wala kumulika mng'ao, na kwa kazi ya kulinganisha unashinda jua kali la saa saba.

Urafiki huo unaishia hapo. Rangi ikishapatikana, unyevu unarudi kudai chake. Rangi za kupuliza zenye thina inayokauka haraka hupoza uso wa chuma zinapokauka; hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hujikusanya juu ya rangi kabla haijafunga, na weusi unageuka wa maziwa. Mafundi wengi huilaumu rangi feki, na wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi kosa ni la saa. Rangi ya mafuta nayo hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na kwenye baridi ya Juni inaweza kubaki laini siku kadhaa ikikusanya vumbi na wadudu. Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba, na saa nzuri ni kuanzia ukungu unapoondoka mpaka alasiri.

Chini ya rangi kuna jambo kubwa zaidi. Katika matangazo yake ya miaka ya 1950, Raleigh ilijisifia kuosha chuma kwa dawa ya fosfeti, iliyoiita Spra-Bonderizing, kabla ya kupiga enameli. Fundi anayekwangua fremu mpaka chuma king'ae ameondoa pia kinga hiyo, na chuma kitupu kikilala usiku mmoja kwenye ukungu wa Rungwe, kutu nyekundu imeshaanza asubuhi. Kwa hiyo kukwangua na kupaka praima vifanyike siku moja. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya madukani, inafaa kuzuia kutu, ila chini ya nyeusi nyembamba wekundu wake hujitokeza kwenye kingo za maungio ya fremu. Tabaka la kijivu au jeusi katikati huondoa kasoro hiyo.

Katika miji mikubwa wapo wanaopendekeza rangi ya unga inayookwa kwenye nyuzi joto 180 hadi 200. Ni ngumu na inazuia kutu vizuri. Lakini haichanganywi karakanani ili ilingane na sampuli. Huchaguliwa kwenye orodha. Ni nene pia, na unene huo huzika makali ya maungio na kuifanya fremu ya mwaka 1955 ionekane imetoka dukani jana. Kwa baiskeli ya kazi ni chaguo la busara. Kwa anayetafuta sura ya kale, si chaguo.

Upande mwingine kuna wanaosema isipakwe kabisa. Hoja yao ina nguvu: mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono na stika za Nottingham zikishasuguliwa, hazirudi. Stika mpya zinauzwa Uingereza, lakini ni nakala. Penye rangi ya asili zaidi ya nusu, kusafisha, kuziba majeraha kwa brashi ndogo na kupaka nta kunatosha, na hapo ndipo ulinganishaji wa rangi unapohitaji umakini wa hali ya juu, kwa sababu kiraka kinakaa bega kwa bega na rangi ya zamani. Udhaifu wa hoja hii ni mvua. Baiskeli inayolala nje Tukuyu haiwezi kuachiwa chuma kilicho wazi kwa heshima ya historia.

Ukiyapima yote, hukumu inategemea baiskeli italala wapi na itabeba nini. Ya kazi: kutu kwanza, rangi ngumu yoyote iliyo karibu, na pesa iliyobaki inunue tairi. Ya kumbukumbu, yenye rangi ya asili iliyobaki: isafishwe, izibwe, iwekwe ndani. Iliyokwisha kukwanguliwa au kupakwa mara nne: itafutwe sampuli iliyojificha, ilinganishwe kwa kadi mchana wa mawingu, ipakwe Septemba, na mng'ao wake upunguzwe.

Na kwa kila mwenye baiskeli atakayeipeleka kwa fundi, ombi ni moja. Kabla msasa haujagusa chuma, mwambie fundi aache kipande cha rangi ya zamani bila kuguswa nyuma ya beji au ndani ya kava la cheni, kisha andika kwenye karatasi jina la rangi mpya, namba yake, vipimo vya mchanganyiko na mwezi ilipopakwa. Ifunge karatasi hiyo kwenye nailoni na uitumbukize ndani ya bomba la siti. Atakayeipaka tena hatalazimika kukisia.